Nyota ya Tano Kupitia Dirishani

Desemba iliyopita Mjomba Nyakundi alikuja kwetu Gesima kutoka Nakuru, akakaa kwenye kiti cha wageni, sahani ya kuku magotini, akawasimulia watoto wa dada yangu Kemunto jinsi mimi, mtu mzima mnayemwona hapa, nilivyokataa kazi nzuri ya mjini kwa sababu ya mijusi. Watoto wakanigeukia. Mimi niliendelea kutafuna. Kemunto alicheka hadi chai ikampalia, na Tata, yaani baba yetu, ambaye siku hizi masikio yake huchagua ya kusikia, alichagua kutosikia. Huwa naacha watu wanitanie kwa mengi. Ni kweli sipendi safari. Nikifika Ikonge na kurudi naona nimezunguka nchi, na Daraja Mbili siku ya soko hunimalizia nguvu za wiki nzima. Lakini hadithi ile Mjomba huisimulia vibaya. Kwanza hawakuwa mijusi wa kawaida. Pili, hawakuwa wangu peke yangu.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata kidato cha nne. Alama zangu zilikuwa za katikati, zile zisizokupeleka chuoni na zisizokuruhusu kulia mbele za watu. Nilirudi nyumbani, nikaingia katika nyumba yangu ndogo nyuma ya jiko la Mama, na kusema kweli nilikuwa na furaha isiyomfaa mtu aliyeanguka nusu. Nilipenda kila kitu cha pale: ukungu wa asubuhi juu ya majani chai, Mama akigombana na kuku, harufu ya maziwa yanayochemkia chinsaga, ile mboga chungu ambayo ukiila na ugali wa wimbi husikii haja ya kwenda popote duniani. Jiko na nyumba yangu vilipakana, ukuta mwembamba wa udongo katikati, kwa hiyo mambo yangu mengi niliyajua kwa kuyasikia yakiamuliwa.

“Huyu kijana amekaa kama kuku anayeatamia,” Tata alisema jioni moja upande wa pili wa ukuta.

“Mwache apumzike, Baba Kemunto.”

“Apumzike kutoka wapi?”

 Nikasikia Mama akimwongezea ugali.

“Ndugu yako anatafuta mtu wa kumsaidia dukani Nakuru. Desemba akija, ataondoka naye.”

Duka la Mjomba lilikuwa la mabati, misumari na saruji. Nilijiona nimebeba mfuko wa saruji kichwani, nimekuwa mweupe mpaka kope, nikiishi katika mji ambao hakuna mtu anayejua jina la ng'ombe wetu. Sahani yangu ilipoletwa sikuimaliza, jambo ambalo Mama alilichukulia kuwa malaria, akanipikia uji wenye ndimu. Sikumpinga. Uji ulikuwa mzuri, na huo pia nilihesabu kati ya vitu ambavyo Nakuru havipo.

Kompyuta ililetwa na Kemunto. Alikuwa akifanya kazi kwenye saiba moja, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, Kisii mjini, na mwenye saiba alipofunga biashara aliwaachia wafanyakazi mashine kuukuu. Kemunto alituletea moja, skrini yake yenye kisogo kikubwa kama tenga, akasema ni ya mimi kusomea kompyuta, kwa sababu mwaka huo kila aliyemaliza kidato cha nne alikuwa akisomea kompyuta, hata wale wasiojua wataitumia wapi. Mama hakuitaka sebuleni. Meza ya sebuleni ilikuwa na vitambaa alivyovishona mwenyewe, na hakuona jinsi kisogo kile kingekaa juu ya maua. Ikaishia kwangu, kwenye meza chini ya dirisha, karibu na soketi ya pekee. Ndani yake nilikuta programu za kuandika barua, ambazo nilizifungua siku ya kwanza kwa adabu, na gemu waliyoiacha vijana wa saiba: unapewa kisiwa kitupu, unazalisha dinosaria, wale wanyama wakubwa wa kale, unawajengea mbuga, na wageni wanakuja kuwatazama. Juu pembeni kulikuwa na nyota tano tupu. Kadiri wageni walivyoridhika ndivyo nyota zilivyojaa, moja baada ya nyingine. Sikufungua tena programu ya barua.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mjomba huliruka, na bila hilo hakuna hadithi. Kwetu kijana akishatahiriwa hujengewa nyumba yake, tunaiita esaiga, na tangu siku hiyo baba yake haingii humo. Si ugomvi, ni heshima. Mama anaweza kufika mlangoni na sahani. Dada atasimama kizingitini akikutania. Baba anaishia uani. Tata alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani chai, mtu wa kushika desturi na kalamu, na kwa miaka yote niliyokaa katika nyumba ile hakuweka hata kidole cha mguu ndani. Lakini desturi haikusema neno lolote kuhusu dirisha, na dirisha langu halikuwa na kioo, lilikuwa na ubao tu wa kufungua na kufunga.

Siku moja mchana ubao ukasukumwa, uso wa Tata ukajaa pale.

“Hiyo ndiyo kompyuta unayosoma?”

“Ndiyo, Tata. Ni mambo ya usimamizi.”

“Usimamizi wa nini?”

“Wa mbuga.”

Akatazama skrini. Mnyama mmoja mwenye shingo ndefu alikuwa akitafuna mti polepole. “Huyo ni wa nani?”

“Wangu.”

“Na hizo nyota?”

Nikamweleza. Mbili zilikuwa zimejaa, nikaeleza kwa sauti ya mtu aliyesoma.  Nyumbani tulisema Ekegusii, lakini Tata alipotaka neno lake liwe na muhuri aligeukia Kiswahili cha ofisini. “Basi simamia. Mjomba wako akija Desemba akute nyota tano. Akizikuta, utabaki hapa na nitakukabidhi shamba la chai la kule chini. Asipozikuta, utaondoka naye. Huo ni mkataba.”

Aliamini kabisa kwamba amenimaliza. Mimi pia niliamini hivyo, lakini nilikuwa nimepewa nafasi ya kubaki nyumbani kwa kukaa nyumbani, na kazi ya namna hiyo haitangazwi mara mbili.

Kesho yake alirudi kuona kama nimeshindwa. Keshokutwa alirudi na kigoda. Alikiweka chini ya dirisha, mgongo kwa migomba, akawa anapita pale kila akitoka kituoni, kwanza kunicheka, halafu kuuliza, halafu kuamuru. Kilichomnasa zaidi ni kwamba ukimgusa mgeni yeyote kwa mausi anakuambia shida yake: ana njaa, amechoka, anaogopa, anatafuta choo. “Angalia hiyo,” Tata alisema. “Kituoni wakulima wananinung'unikia kuanzia asubuhi, lakini hawana mahali pa kuwabonyeza wakanyamaza.” Nilipoanza kumfuga yule mla nyama mkubwa, na mashine ikamshushia ng'ombe mzima ndani ya ua ili ale, Tata alisimama kutoka kwenye kigoda.

“Huyo ng'ombe ni mtamba?”

“Sijui, Tata. Ni ng'ombe tu.”

“Ng'ombe tu. Kwa ng'ombe anaowala huyo, kufikia Krismasi ungekuwa umeshatoa mahari ukaoa.”

Sisi ni Wasabato, kwa hiyo Ijumaa jua likitua Mama alikuja mlangoni na kitambaa cha meza, nikaifunika kompyuta kama maiti. Jumamosi mchana, baada ya ibada, Tata alipenda kukagua mti wa parachichi ulioota karibu na dirisha langu, mti ambao siku nyingine hakukumbuka kama upo. Jioni yakaanza mabishano kama Sabato imeisha. Kwetu kilima cha magharibi kiko karibu, jua hujificha mapema.

“Jua limetua,” Tata alisema.

“Limejificha nyuma ya kilima,” Mama alijibu. “Tazama ng'ambo kule, bado liko kwenye mabati ya watu.”

“Mimi nitahukumiwa kwa jua la kwangu, si la watu wa ng'ambo.”

Lakini alingoja. Mama akishawasha taa ya jikoni, nilisikia kigoda kikiburutwa.

Nyota zilipanda hadi tatu zikakwama. Hapo ndipo Tata alipokuja na mpango ambao, nikiukumbuka sasa, naona haya kwa niaba ya wote wawili, maana mimi mwenye kidato cha nne niliuona wa busara kabisa. Wanyama wetu walikuwa wamechanganyika kwenye uwanja mmoja mpana, na wakati mwingine walisukumana. Tata akasema tatizo ni mipaka. “Gawa,” aliniambia. “Kila mmoja apewe kipande chake, kianzie barabarani juu na kishuke hadi mtoni. Kila mmoja ana njia, kila mmoja ana maji. Hakuna atakayemsumbua mwenzake.” Ndivyo mashamba yetu yalivyogawanywa tangu zamani, kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, vipande virefu vyembamba kama tepe, na kila ndugu akioa tepe inapasuliwa tena. Nilifanya kazi ile wiki nzima. Nilinyoosha seng'enge moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini, Tata akinirekebisha kutoka nje, “Mpaka umepinda hapo, rudisha,” mpaka kisiwa kikafanana na Gesima ukiitazama kutoka ng'ambo.

Katikati ya kazi hiyo akaja Mzee Obare, mzee wa kanisa. Mama alimkaribisha sebuleni, akampa chai na ndizi za kuchemsha, na mzee akala kwanza, kwa utaratibu, kwa sababu jambo zito halisemwi na tumbo tupu. Halafu akafuta mikono.

“Ndugu Ongeri, kuna neno linapita huko njiani.”

“Neno gani?”

“Kwamba nyuma ya nyumba hii kuna mnyama.”

“Wako wengi,” Tata alisema kabla ya kufikiri.

Mzee akaweka kikombe chini. “Na kwamba umesikika ukiuliza amekula wageni wangapi leo.”

“Huyo ni mmoja tu. Wengine wote wanakula majani.”

Mama alitoka nje haraka, nikamsikia jikoni akicheka ndani ya leso. Ikabidi mzee apelekwe dirishani. Naye ni rika la Tata, asingeweza kuingia kwangu, kwa hiyo kikatafutwa kigoda cha pili. Alitazama kwa muda mrefu. Niliogopa swali la safina ya Nuhu, na kweli liliulizwa, na Tata akalijibu kwamba hao walikosa nafasi. Lakini kilichomvutia mzee kilikuwa kingine. “Mipaka yenu imenyooka,” alisema. “Ungekuwa mwenyekiti wa ardhi, kesi zingeisha.” Wazee wawili wakakaa pale wakisifu seng'enge, wakati juu pembeni, mbele ya macho yangu, nyota ya tatu ilikuwa ikimwagika.

Kwa sababu mnyama mwenye ukubwa wa kanisa hawezi kugeuka katika tepe. Wale wenye shingo ndefu walianza kutembea mbele na nyuma kama wafungwa, wakakasirika, wakaegemea seng'enge, seng'enge ikalala. Aliyetoka kwake akaingia kwa jirani, jirani akampiga pembe, naye akaangukia wa tatu. Wageni wakakimbia wakipiga kelele. Kufikia jioni tulikuwa na nyota moja, na hiyo nayo nusu. Nilidhani Tata atanilaumu. Alikuwa akitazama wale wawili wanaopigania mpaka kando ya mto. “Ni kama kwetu kabisa,” alisema taratibu, akabeba kigoda chake akaenda.

Alikaa siku kadhaa bila kuja. Nami nikaanza kuaga nyumbani kimoyomoyo. Niliitazama nguzo ya esaiga, gazeti la zamani nililobandika ukutani, gunia la mahindi lililolala nami kwa kukosa ghala, na vyote niliviona vizuri kuliko vilivyokuwa. Mama alileta chakula, akasimama mlangoni akitazama skrini badala ya kuondoka.

“Hao watu wadogo wanatembea tangu lini?” aliuliza.

“Tangu asubuhi yao, Mama.”

“Na wanakula wapi?”

“Kuna kibanda getini.”

Mama alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba amelea vibaya. Yeye ndiye aliyekuwa akisimamia chakula wakati wa makambi ya kanisa, watu wa mitaa mizima wakilala uwanjani na kula kwake. “Unamwita mtu aje atembee kisiwa kizima, unampa chakula mlangoni kama mbwa, halafu unashangaa hakupi nyota? Weka cha kula kule mbali walikochokea. Weka pa kukaa. Na vyoo visiwe karibu na chakula, lakini visiwe mbali mpaka mtu aaibike njiani.” Akaniachia sahani, akaenda. Nilifanya kama alivyosema, na nyota ya pili ikarudi kabla sijamaliza mboga.

Zilizobaki zilizuiwa na mipaka. Nilijua, na Tata pia alijua, maana aliporudi na kigoda chake alikaa tu akiangalia tepe zile. Kwetu kung'oa mpaka ni jambo la laana. Mtu anaweza kusamehe mengine yote, hilo anawaachia wajukuu waendelee nalo kortini. “Tata,” nilisema, “itabidi nizitoe.” Akafikiri. Kisha akageuza kigoda, akanipa mgongo, akawa anatazama migomba. Nikang'oa seng'enge moja, na ya pili, na zote, yeye akiwa amegeuka vile vile, na aliposikia mausi imenyamaza akauliza, “Umemaliza?” Nikasema nimemaliza. Akageuka. Wanyama walikuwa wametawanyika uwandani, wengine wamelala. Hatukulizungumza tena. Novemba, mvua ilipokatakata stima mpaka tukajifunza kuhifadhi gemu kila mara, tulikuwa na nyota nne.

Ya tano ilikataa. Tulileta wanyama wapya, tukaongeza wafagiaji, Mama akaagiza madawati mengine, haikusogea. Na Desemba Mjomba akaja, kama ilivyosemwa, na begi lake na mkate wa mjini, na Tata, mtu wa mkataba, akamweleza kila kitu mezani: zikiwa nne, mchukue. Mjomba akacheka sana. “Twende nikaone hicho kinachonishindania,” alisema.

Mjomba ni ndugu ya Mama, heshima ile haikumfunga. Akainama, akaingia esaiga, akakaa kitandani kwangu kana kwamba ni kiti cha basi. Tata alikuwa kwenye dirisha lake. Sijasahau uso wake alipomwona mwingine ameketi ndani, karibu na skrini, mahali ambapo yeye hajawahi kufika. “Usikanyage huo waya,” alimwambia shemeji yake, bila haja.

Mjomba akakodoa macho. “Sasa wanyama wako wapi?”

“Wako nyuma ya ua,” nilisema.

“Ua upi? Mimi naona msitu.”

Ule ua wa miti ulikuwa kazi yetu ya mwisho. Tata aliona aibu mbuga nzima kuwa wazi hivyo, kila apitaye anaona ulicho nacho. Hakuna boma kwetu lisilo na ua mzito upande wa njia. Kwa hiyo nilikuwa nimepanda miti iliyosongamana kando ya kila njia ya wageni. Wageni walilalamika kwamba hawaoni kitu. Sisi tuliwaona wambeya. Tata alikuwa amesema, na mimi nikakubali, kwamba mgeni mwenye adabu hachungulii.

“Mtu ametoka kwao kuja kuona mnyama,” Mjomba alisema, “mnamtembeza kwenye vichaka?”

  Nilimtazama Tata, naye hakuwa akinitazama mimi, alikuwa akitazama ua wake, nami nilishika mausi nikingoja, kwa sababu safari hii singeuondoa bila neno lake.

“Momanyi,” alisema. “Fyeka.”

Nikafyeka. Miti ikatoweka mstari baada ya mstari, na nyuma yake wakatokea wao, shingo zile ndefu zimeinuka juu ya mto. Wageni waliokuwa njiani wakasimama wote. Wengine wakaanza kukimbilia pale, si kwa hofu. Nyota ya tano ikajaa kidogo, ikasita, ikajaa yote.

Hakuna aliyepiga kelele. Mjomba aliuliza, “Ni hiyo tu?” nami nikasema ni hiyo.

“Kwa hiyo sina kijana.” Akajikuna kidevu, kisha akageukia dirisha. “Lakini shemeji, tusidanganyane. Mkataba ulikuwa huyu kijana asimamie. Mimi nimekaa hapa, na amri nimeisikia ikitoka dirishani. Na dada yangu ameniambia mezani kwamba ndivyo imekuwa mwaka mzima. Huyu ameshika mausi tu. Sasa hizo nyota ni za nani?”

Nilijua jibu la kweli. Nilianza kupanga nguo zangu kichwani, lile shati la shule, ile sweta. Tata alinyooka pale nje. Akakohoa kidogo, na akatumia Kiswahili cha ofisini.

“Nyakundi. Mimi nimeingia humo lini?”

“Hujaingia.”

“Umewahi kusikia nimeingia?”

“Hapana.”

“Basi unaniuliza nini? Mimi nilikuwa nje.”

Mjomba alimtazama, akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka kitanda kikalia. Mama akaita kwamba chakula kinapoa, na wakaenda, mmoja kwa mlango, mwingine kwa kuzunguka migomba. Asubuhi, Mjomba akiwa anajiandaa kwa safari yake ya peke yake, nilifungua mlango nikakuta kikapu cha kuchumia chai kimeegemezwa pale, upande wa nje.